Kafedha na Makopo ya Mafuriko

Kiwandani Changamwe sikio la Kafedha lilikuwa na sifa. Kazi yake ilikuwa kugonga makopo ya maharagwe kwa kifimbo cha chuma: kopo zima hulia kama njuga, kopo bovu hujibu kwa sauti nzito, kama mtu aliyezibwa mdomo. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, wa kwanza akiitwa Thoya, na kwa miaka sita kila boksi alilolikubali alilipiga muhuri wake, nambari saba.

Zamani makopo yalilazwa siku tano kabla ya kugongwa, ili kasoro ipate muda wa kujitokeza. Lakini mwishoni mwa 1961 Mto Tana ulifurika, watu wakakwama juu ya mapaa wakingoja chakula, na kiwanda kikapata agizo kubwa. Ikaja karatasi mpya ya utaratibu, yenye sahihi za wataalamu: makopo yagongwe yakishapoa tu, yatoke siku ile ile.

Wiki nzima Kafedha aligonga, na yote yakalia vizuri. Hilo ndilo lililomtia hofu, kwani hakuwa amewahi kuona siku isiyo na kopo bovu. Akaweka makopo kumi chini ya meza yake. Siku ya nne akayagonga. Matatu yalijibu kwa uzito, na moja kati ya hayo lilikuwa limefura kifuniko.

Akampelekea msimamizi wake, Ghalib, mtu mzima wa Mvita.

"Shikamoo, Bwana Ghalib. Yasikize haya."

Ghalib akasikiza, akaketi. "Mama Thoya, mangapi yashatoka?"

"Maboksi mia sita. Yote yana muhuri wangu."

"La ilaha illallah."

Wakaenda pamoja kwa meneja. Mzungu yule alilitazama kopo lililofura, kisha akauliza lilikuwa limewekwa wapi. Chini ya meza? Kwenye joto? Basi Kafedha mwenyewe ndiye aliyeliharibu. Karatasi haikumruhusu kuweka makopo chini ya meza.

"Bwana, huko Tana kuna joto kuliko chini ya meza yangu," Kafedha akasema.

"Huko Tana watu wanakufa njaa. Nisubiri siku tano?"

Usiku kucha Kafedha alijiuliza swali hilo hilo.

Asubuhi maboksi mia mbili yalikuwa yakimngoja. Akagonga moja, la pili, la kumi. Yote yalilia. Akauchukua muhuri, akaurudisha mezani.

"Siwezi, Bwana Ghalib."

"Piga, mama. Wallahi, usipopiga wewe atapiga mwingine, na wewe utakwenda nyumbani."

"Nawe wajua."

"Najua," akasema Ghalib, macho chini. "Nina watu tisa nyumbani wanitezamao."

Muhuri ukapewa Pascalia, jirani yake wa mezani, aliyeupokea huku machozi yakimtoka. Kafedha akatolewa langoni kabla ya adhuhuri.

Akalifuata lori la makopo kwa miguu hadi uwanja wa ndege wa Port Reitz, kanga imemlowa jasho. Mwarandu, dereva wa lori, alikuwa akishusha maboksi. Kafedha akamweleza yote, akihema.

"Una barua yoyote?" Mwarandu akauliza.

"Sina."

"Mama, nikiyarudisha haya leo, kuna watoto hawatafika kesho."

"Basi waambie wayatupe yaliyofura. Kopo likifura wasile. Neno hilo tu."

"Nitamwambia anayepakia ndegeni," Mwarandu akasema. "Lakini yatadondoshwa kutoka juu. Nani atakuwepo chini kuwaambia?"

Kafedha akainama, akaokota kipande cha mkaa penye jiko la wapagazi. Akaanza kuandika ubavuni mwa boksi, kwa herufi alizofundishwa misheni: LIKIFURA USILE. Akaandika la pili, la tatu. Mwarandu akamtazama, akaokota mkaa wake. Walikuwa wamefika la kumi na nane mlinzi alipokuja kuwafukuza. Mengine yakapakiwa bila maandishi.

Mvua zilipokatika Kafedha alikuwa akiuza mihogo Mtopanga, kwa dada yake. Alimuuliza kila aliyetoka upande wa Tana juu ya makopo. Mmoja alisema waliyala, Mungu awabariki waliotuma. Mwingine alisema watu wengi waliumwa matumbo, lakini maji nayo yalikuwa machafu, nani ajuaye? Kafedha akampa muhogo, asipokee malipo, akamuuliza tena: wangapi?