Jumamosi Utakula Kabla ya Kucheza

Mwanangu Elia, kuna siku moja ya baridi ambayo naikumbuka kila nikikuona unafunga kamba za viatu vyako vya raga. Nilikuwa bado navaa sketi ya shule, na tulikwenda uwanjani familia nzima kumtazama kaka yangu, tonton wako Josué, akipimwa na watu wa mpira. Nakuandikia haya kwa sababu nikiyasema kwa mdomo nitapiga kelele, na nikipiga kelele wewe unaziba masikio kwa muziki wako. Tena nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Najua unaelewa, unajifanya tu huelewi. Ukikwama mahali, njoo saluni uniulize.

Mimi si mzee. Wanawake ninaowasuka nywele wananiita mdogo wao. Lakini katika jambo hili moja nimeshazeeka, kwa hiyo nisikilize kama unavyowasikiliza wazee wa kanisani, au zaidi.

Wakati ule tuliishi hapa hapa Rosettenville, chumba cha nyuma kwa mama mmoja Mreno. Josué alikuwa ameanza chuo, na nyumbani hakuna aliyeujua mchezo wake. Kwetu Uvira mpira ni wa miguu, basi. Mara ya kwanza babu yako alipoona vijana wanane wamemlalia mtoto wake, aliingia uwanjani na koti lake la kanisani kwenda kuwaamua. Walimtoa kwa heshima. Josué alikaa wiki nzima bila kusema naye.

Alikuwa anacheza pale unapocheza wewe, safu ya pili. Kazi mbili kwa mtu mmoja: kusukuma ndani ya rundo ambako hakuna anayekuona, halafu mpira ukirushwa kutoka pembeni, wenzako wanakunyanyua juu uudake na watu wote wanakuona. Josué alizijua zote mbili. Mikono yake ilikuwa mikubwa kama sinia, na mpira ukimfikia ulikuwa umefika. Kanisani akina mama walikuwa wanamshika mabega baada ya ibada kama wanaochagua kitambaa. Shemasi mmoja alianza kumsalimia kwa Kifaransa tu, ati amzoeshe, kwa maana atachezea Ufaransa. Kila mtu alikuwa ameshamwona huko. Yeye mwenyewe alikuwa bado anatafuta nafasi katika timu ya kwanza ya chuo.

Nafasi hiyo ilikuwa moja. Ukiipata, chuo kinakusomesha na kukulisha, na wakubwa wa mchezo wanakuja kukutazama. Ukiikosa, unabaki kijana mrefu tu. Waliokuwa wanaitaka kweli walikuwa wawili, Josué na kijana mmoja wa Soweto, na kocha akasema atawatazama wote wawili katika mechi moja ya Jumamosi.

Babu yako akalipeleka jambo kwa mchungaji. Unajua kanisani kwetu tunavyofanya. Kitu kikiwa kikubwa, iwe visa, mtihani au ndoa, tunafunga. Mimi sicheki sala, mwanangu. Nimefunga mara nyingi na nitafunga tena. Lakini waliamua kwamba atakayefunga ni Josué mwenyewe, kwa kuwa baraka ni yake. Kufunga kavu, siku tatu, bila chakula wala maji, mpaka mechi iishe. Mama yangu akafunika sufuria. Josué akasema amina.

Kipindi cha kwanza alicheza kama mtu aliyetumwa. Alidaka mipira mitatu ya juu, ya mwisho kwa mkono mmoja, na babu yako akaanza kuimba peke yake pale pembeni. Halafu wakapumzika. Wenzake wakanywa maji na kula machungwa, yeye akakaa kando na taulo kichwani. Waliporudi, miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Kila rundo likivunjika, wote wanainuka wanaufuata mpira, Josué bado amepiga magoti. Anaweka mkono chini, anangoja, halafu ndiyo anasimama. Mara moja alipokuwa juu, mpira ulimpiga kifuani ukadondoka. Yule wa Soweto alikuwa anakimbia kama ndiyo kwanza ameamka.

Nilikuwa nimesimama karibu na kocha, Mzulu mmoja mrefu mwenye sauti ya chini. Nilimsikia anamwambia msaidizi wake kwa Kiingereza kwamba huyu mwili anao, ila ni mvivu.

Nikamgeukia mama mkubwa wangu, Mama Sifa, yule aliyekuwa anauza pondu, kisamvu chetu, na samaki wadogo wa sambaza. Alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, bado ana aproni, ananuka samaki. Nilimwambia neno lile kwa Kiswahili. Alingoja filimbi ya mwisho. Ndipo akamwendea babu yako na mchungaji, waliokuwa wamesimama pamoja.

"Niwaulize kitu kimoja," akasema. "Leo nani alikuwa anakimbia?"

"Mama Sifa, haya ni mambo ya Mungu," babu yako akasema.

"Mambo ya Mungu nayajua. Mimi nauliza mambo ya uji. Kama ni kufunga, mbona hamkufunga ninyi wawili, yeye akala? Ninyi mlikuwa na kazi gani leo? Kuimba?"

Mchungaji akaanza kueleza habari za mtu na baraka yake. Mama Sifa akanishika mkono wa sweta. "Wewe Furaha, unajua Kiingereza. Twende ukatafsiri. Usipunguze."

Sikupunguza. Nilimwambia kocha kwamba huyu si mvivu, ana siku tatu hajatia kitu mdomoni, na kwamba mama huyu anauliza ni mvivu gani anayeweza kusukuma nusu ya mechi akiwa katika hali hiyo. Kocha akatutazama, akamtazama Josué. Akamuuliza kwa nini hakusema. Josué akatazama viatu vyake. Nilijua kwa nini. Aliona atachekwa, sisi na sala zetu, na alikuwa radhi aitwe mvivu kuliko nyumbani kwake kuchekwe.

Kocha akazungumza polepole ili niweze kutafsiri. Alisema kuruka juu hakumbabaishi sana, kila mrefu anaruka. Anachotazama ni rundo linapovunjika na mpira umeshakwenda mbali, wakati hakuna anayepiga makofi: nani anainuka wa kwanza. "Kipindi cha kwanza alikuwa yeye," akasema. "Kila mara, yeye. Kipindi cha pili hakuwa yeye. Mama, siwezi kuchukua nusu niliyoipenda nikaitupa nyingine. Yule kijana mwingine naye ameinuka mechi nzima." Akasema Josué ataanza na timu ya akiba, na akamwambia aje mazoezini Jumanne akiwa ameshiba, ampime upya taratibu.

Huyo wa Soweto akapata nafasi. Simchukii, alicheza vizuri.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika kwenye robot, zile taa za barabarani pale chini, nilikuwa bado nawasema wanaume wale kwa maneno ambayo nikikusikia wewe unayasema nitakupiga. Mama Sifa akaacha taa igeuke mara mbili hatujavuka. Akaniambia, "Hiyo hasira ni nzuri, ila imekuja mechi imekwisha. Hata mimi yangu imechelewa, nilikuwa sokoni, sikujua. Itunze. Siku utakapokuwa na wako, uitoe mapema." Akanipa mfuko wa sambaza nibebe.

Josué alikwenda mazoezini wiki mbili, akaacha. Timu ya akiba haisomeshi mtu, na mwaka ulipokwisha chuo nacho akakiacha. Miaka yote hii niliamini lile neno mvivu ndilo lililomvunja moyo. Ukamjua wewe akiwa tonton mlinzi, yule anayekuja siku zake za mapumziko kukufundisha kuanguka bila kuumia bega. Unafikiri ulizaliwa unajua kuanguka? Ni yeye.

Sasa njoo kwenye Jumapili iliyopita, na hapa ndipo damu inapochemka. Mchungaji amesimama, mtoto wa yule wa zamani, sauti ile ile, anatangaza kwamba Jumamosi watu wa chuo wanakuja kumtazama Elia, na kwamba Elia atafunga kavu siku tatu. Akina mama wakakushika mabega. Na wa kwanza kusimama kusema amina alikuwa Josué. Josué! Wewe ukaitika "sharp, tonton," kama vile amekutuma mkate kwenye duka la spaza.

Sikupiga kelele kanisani. Jumatatu nilifunga saluni mapema nikaenda mtaa wa Observatory, kwenye geti analolinda. Nikamuuliza, wewe kati ya watu wote, unawezaje? Ulikuwepo. Miguu ilikuwa yako.

Akafungua geti kwa gari moja, akalifunga.

"Furaha," akasema, "mimi niliharibu. Siku ya pili nilikunywa maji. Bafuni, kwa kiganja. Mungu aliona."

"Maji kiasi gani?"

"Mara moja tu."

Mwanangu, ndipo nikaelewa. Kumbe hakuacha mpira kwa sababu ya kocha. Aliacha kwa sababu aliamini amejipima mwenyewe na amejikuta hafai. Kocha alimpa nafasi ya kupimwa upya, na yeye akaona si haki aende kula na kucheza na kosa lile juu yake. Kiganja kimoja cha maji amekibeba miaka yote hii, na sasa anataka wewe ufunge vizuri ili usije ukayabeba yake. Anakupenda, ndiyo maana. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote, kwamba sina hata mtu mbaya wa kumshika shati.

Nilimwambia, "Kaka, yale maji ndiyo yaliyokupa kipindi cha kwanza." Alikaa chini kwenye kiti chake cha plastiki, na gari moja likapiga honi mara mbili kabla hajasimama.

Basi sikia ninachokuambia. Jumamosi watakupima mabega, mikono na kasi yako. Waache wakupime, ndiyo kazi yao, na wengine wanaijua. Wakikuambia una kipaji, sema asante uendelee na mazoezi. Hilo ni neno la kitu ambacho bado hakijatokea, na aliyelisema anaweza kulibadilisha kabla ya chakula cha mchana. Usiende Ufaransa kwa midomo ya watu. Inuka wa kwanza rundo likivunjika, hasa pale unapojua hakuna anayetazama. Wasipokuchukua, uwe umeonekana wewe, si njaa yako. Na mtu akikuita jina lisilo lako, fungua mdomo ueleze, hata kama nyumbani kwetu kutachekwa. Nyumba yetu imeshachekwa, bado imesimama.

Na Mungu ukimwomba, mwombe kwa tumbo lenye kitu. Hatakugeuzia mgongo kwa sababu ya uji.

Mchungaji usijali. Nimeshakwenda kwake jana na hasira yangu, mapema, kama nilivyoambiwa. Nimemwambia kanisa lifunge kwa ajili yako, mimi wa kwanza, na yeye wa pili. Alikohoa, akakubali.

Jumamosi asubuhi ukiamka utakuta meza imeandaliwa kwa watu wawili. Uji wa karanga, mayai, ndizi, na jagi la maji. Kiti cha pili ni cha tonton wako, ameomba ruhusa kazini. Mimi sitakula, nitakuwa nimefunga. Kabla hujagusa kijiko, mmiminie yeye glasi ya maji, mpe kwa mikono miwili, na usianze mpaka uione imekwisha.

Mungu aliyekupa miguu hiyo akupe na pumzi ya kuitosha, akuinue kila unapoanguka, na akunyweshe maji mbele za watu. Amina, mwanangu.