Taa za Mkwe na Kigoda cha Dokta

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, na zaidi kwa wasiohusika kwa kuwa ndio wasikilizaji wazuri: giza limefariki dunia sebuleni kwa fundi cherehani aitwaye Mama Pindo. Marehemu hakuugua. Aliuawa Jumapili moja, mchana kweupe, na mume wa binti wa nyumba hiyo, fundi umeme, aliyekuja na ngazi, bisibisi na taa bapa za LED, akazizamisha darini kama zawadi kwa wakwe zake.

Zilipowashwa, sebule ikawa nyeupe pee. Vumbi lililokuwa likiishi kwa amani chini ya kabati likaanikwa. Picha ya harusi ukutani ikafichua kwamba bwana harusi alikuwa na hofu. Na bwana harusi mwenyewe, sasa mstaafu, akainuka kwenda kunawa mikono mpaka viwikoni.

Majirani humwita Dokta, ingawa maisha yake yote kazi yake ilikuwa kumpa daktari mkasi katika chumba cha upasuaji. Alipostaafu alitaka kitu kimoja tu: kukaa kwenye kochi karibu na cherehani, amsimulie mkewe umbea wa mtaa. Mama Pindo naye alikuwa ameingoja starehe hiyo tangu ujana, maana zamu za usiku zilimfanya mumewe awe kama mpangaji.

Chini ya taa mpya umbea ulikauka. Dokta alikaa wima, akinong'ona. Mkewe akiomba mkasi, anatiwa kiganjani, pap, mpini mbele.

"Mzee, mbona husemi kitu?"

"Nangoja nisikie kama kapona."

Kisha akabeba kigoda, akahamia uani, gizani, kwa mbu.

Mama Pindo akabanwa. Kung'oa taa za mkwe ni sawa na kumtemea mate, na huyu kila Jumapili akiingia huisalimu dari kwanza, watu baadaye. Akajaribu kwa mbali.

"Mkwe wangu, mwanga huu si mkali kidogo?"

"Ndiyo, Mama. Hata benki wanatumia huu."

"Benki hakuna anayelala."

"Ndiyo maana hawaibiwi."

Utamjibu nini mkwe? Ukikubali umekwisha, ukibisha umekwisha zaidi.

Akarudi kwenye anachokijua: vitambaa. Akazivalisha fremu za kudarizia bitana ya rangi ya asali, akaning'iniza moja chini ya kila taa, mbali kidogo isije ikaungua. Chumba kikalainika kama shuka kuukuu. Dokta akachungulia kutoka uani, akaingia, akakiegemeza kigoda ukutani, akaliangukia kochi.

"Sasa," akasema, "umesikia ya mwenye duka?"

Hakuwa amesikia. Jioni ile akasikia ya mwenye duka, ya shemeji wa mwenye duka, na ya mke wa shemeji, ambayo ndiyo ilikuwa yenyewe.

Tatizo ni kwamba jioni ile pia alikuwa akikata suti nyeusi ya mkwe, ya kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake. Mama Pindo ana sheria: kitambaa cheusi hakiguswi na mkasi mpaka kitolewe mlangoni kikaonwe na jua. Lakini jua lilikuwa limeshazama, na umbea ulikuwa umefika patamu. Akakata koti, jora likaisha, akavuta jingine lililoonekana jeusi vilevile, akakata suruali.

Siku moja kabla ya harusi mkwe akaja jioni, jua bado lipo, na kwa haraka akasahau hata kuisalimu dari; akavaa, akatoka nje kujitazama kwenye kioo cha gari la jirani. Akarudi polepole.

"Mama. Juu naenda harusini. Chini naenda shule."

Koti lilikuwa jeusi. Suruali ilikuwa ya buluu iliyoiva, ile ambayo chini ya bitana hujifanya nyeusi. Mkwe akainua macho kuisalimu dari, akakutana na bitana.

Dokta akakohoa. "Mgonjwa alihitaji kufunikwa."

"Taa zako zinanifukuzia mzee," akasema Mama Pindo. "Nilitaka akae."

Mkwe hakukasirika. Alifanya jambo baya zaidi: alitungua zile fremu, akaenda kwenye swichi, akazima, akawasha haraka. Sebule ikawa ya njano, tulivu. Akazima, akawasha. Nyeupe.

"Zinabadilika, Mama. Zimetengenezwa hivyo."

Wazee wakatazamana. Katika nyumba hii swichi haichezewi. Binti yao, huyo huyo aliyemwoa fundi umeme, alikula makofi ya utotoni kwa kosa hilo.

"Mbona hukutuambia?"

"Nani angetaka njano? Na nyie mbona hamkuniambia?"

Mkwe akasimama katikati ya sebule na suti yake ya rangi mbili, akaweka mkono kifuani.

"Wazazi wangu, kuanzia leo nyumba hii ina uhuru. Mkitaka benki, benki. Mkitaka asali, asali. Mama, chagua."

Mama Pindo akaitazama suruali. Dokta alikuwa tayari ameshika kigoda.

"Acha nyeupe," akasema Mama Pindo. "Nina suruali ya kukata."