Mashine Iliyolishwa Mawese

Mume wa shangazi yangu alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la ng'ombe upande wa Kalemie. Shamba lilipofungwa, wenye shamba waliwalipa watu kwa vitu vilivyobaki. Wenye akili walichukua mabati. Yeye alichukua ng'ombe wachache na mashine kuukuu ya kufunga majani makavu kuwa marobota ya mviringo: kitu kikubwa kama chumba cha kulala, chenye meno ya kuokotea majani mbele, mikanda ya mpira tumboni na mlango mgongoni. Aliipandisha mpaka kilimani kwake, kwenye njia ya kutoka Kasongo kwenda Lusangi, juu ya lori lililokwama kila mahali ambapo lori linaweza kukwama. Watu wakatoka kuangalia. Mmoja aliuliza inasaga nini. Akaambiwa haisagi, haikoboi, wala haikamui mafuta, inafunga majani tu. Akarudi kwake bila kuaga.

Alipokufa, ng'ombe na mashine vilibaki kwa shangazi. Ndugu zake marehemu walibaki pia, na hao hawahitaji banda.

Mkubwa wao alikuwa mdogo wake marehemu. Kila mtu alimwita Prezida, kwa sababu alikuwa prezida wa komite ya familia, ya kanisa, na ya barabara ambayo bado haijachimbwa. Mwaka uliotangulia kufika kwangu, wakati wa kiangazi, wawindaji walichoma kilima kizima, ng'ombe wakabaki mifupa, wawili wakafa. Prezida alikuja kutoa pole, na kabla chai haijapoa akatoa uamuzi: mwisho wa kiangazi kinachofuata familia itakaa kikao pale pale kilimani, na ng'ombe wakikutwa wamekonda tena, watapelekwa kwa miguu mpaka Salamabila, kwa wachinjaji wanaolisha wachimba dhahabu. Mali itatunzwa na familia. Kwetu, kitu kinachotunzwa na familia hukioni tena.

"Hii ngombe ni ya kaka yangu," alimwambia shangazi.

"Na miye je, shemeji? Niko ya nani?"

Alisema hilo litaangaliwa katika kikao.

Ndipo shangazi aliponiita. Mimi ni mtu wa kupita. Nilisoma mekanika hapo Kasongo, nikapata diploma ambayo mchwa wa Kindu wameisoma kunishinda, na tangu hapo nimetengeneza pampu na moteri kila mahali penye mtu aliyekata tamaa. Kila mara nikiwa mbali naikumbuka Kasongo, harufu ya mpunga mpya na adhana inayogongana na kengele ya misa. Nikifika, baada ya wiki moja, naanza kukumbuka nilikotoka. Lakini safari hii nilikuwa na sababu ya kukaa, na sababu yenyewe ilikuwa bandani, imefunikwa majani ya migomba.

Nilifungua ubavu wake. Ndani kulikuwa kwekundu.

"Shangazi, nani alipaka hii?"

"Miye. Kila siku ya Mungu, nikitoka misa."

"Mawese?"

"Marehemu alisema mashini isikauke mafuta. Alisema mafuta ya namna gani?"

"Inatakaka grisi, shangazi."

"Na weye ulikuwa wapi na grisi yako?"

Nilikuwa Kalemie, kisha Lubumbashi, kisha mahali ambapo mtu hamwelezi shangazi yake. Niliinama nikaendelea kuchungulia.

Alikuwa amepaka kila kitu, kwa moyo wote. Minyororo ilikuwa imegandiana kama mishikaki. Rulema, vile vikombe vya gololi vinavyobeba mapipa ya kuzungusha mikanda, vilikuwa vimeziba kwa utando wa mawese na vumbi. Kwenye kisanduku cha kamba za kufungia walihamia sisimizi, na walionekana watu wa kukaa. Mikanda yenyewe, ambayo kazi yake yote ni kuwa mikavu ili ishike majani na kuyaviringisha, ilinukia kama mboga ya sombe iliyopikwa vizuri, na panya walikuwa wamekubaliana na harufu hiyo. Walikula kingo za mikanda miwili mpaka ikabaki kama lesi.

Hapakuwa na namna ila kuosha. Nilichemsha maji kwenye pipa, nikamwaga majivu ya migomba, nikayachuja, nikaanza kumwagia. Mtu yeyote aliyezaliwa kwetu Maniema angejua kitakachofuata. Diploma yangu haikujua. Mawese yalikutana na maji ya majivu, yakawa sabuni, na mashine ikaanza kutoa povu. Povu lilitoka kwenye meno, likatoka kwenye mlango wa nyuma, likateremka mpaka njiani. Kabla ya adhuhuri wanawake wa jirani walikuwa wamefika na beseni zao za nguo, wamepanga foleni nyuma ya mashine, na mmoja alilalamika kwamba sabuni ya upande wa kushoto ni nzito kuliko ya kulia.

Prezida alipita kwa baiskeli. Alishuka taratibu, kama mtu anayefika kwenye karamu yake.

"Injinia, tangu lini kiwanda ya sabuni inalishaka ngombe?"

"Tangu leo, papa," nilimjibu kama mtoto kwa baba yake.

"Kiangazi inafika."

"Tunaiona, papa."

Baada yake walikuja wataalamu. Kwetu huwezi kufungua mashine bila wataalamu: wanaume ambao kila mmoja wao aliwahi kuwa msaidizi wa dereva miaka ya nyuma, wanaokaa kwenye gogo na kutoa maoni hadi jioni.

"Mimi naona ni pompe," alisema wa kwanza, akimaanisha pampu.

"Moteri yake iko wapi?" aliuliza wa pili.

Nikasema haina moteri, inazungushwa na trekta.

Wakatazamana. "Ndiyo shida yake sasa," alisema wa kwanza, na wote wakatulia, kama watu waliomaliza kazi.

Nilikwenda mjini Kasongo kutafuta rulema. Nilipata mbili ndani ya mashine ya kukobolea mpunga iliyokufa, na ya tatu kwenye gurudumu la gari ambalo nalo halikuwa na gari. Nilitia grisi polepole, sehemu kwa sehemu, huku shangazi akisimama karibu na kuuliza kila mara: hapa ndiyo, hapa hapana? Minyororo niliipa mafuta machafu ya moteri niliyoomba kwa vijana wa pikipiki. Mikanda haikupewa kitu. Hilo lilimuuma. Aliona kama nimewanyima wengine chakula mbele ya macho yake.

Ile mikanda miwili iliyoliwa niliitoa, nikaikata viraka vya kuunganishia mingine, na pini za kushikia nikazikata kutoka spoki za baiskeli. Kwa hiyo tumboni palibaki mapengo, kama kinywa cha mzee. Trekta tuliazimwa na mfanyabiashara mmoja wa mjini, karibu na msikiti, anayelitumia kubebea matofali. Alikubali kwa sababu moja tu: alitaka aone kwa macho yake kitu ambacho kazi yake ni kufunga majani. Alikuja mwenyewe na kanzu safi, akasimama mbali na moshi.

Wanawake walikuwa wameshakata nyasi kwa panga na kuzipanga mistari. Tukafunga kardani, kile chuma kirefu kinachotoka mgongoni mwa trekta kuja kuizungusha mashine. Mashine ikakohoa, ikatoa povu la mwisho, ikaanza kula.

Robota la kwanza lilitoka likasambaa chini kama godoro lililochanwa. Kisu cha kukatia kamba kilikuwa butu, hakikuikata, na robota lilipotoka kamba iliyonasa ikalifumua. Nilikinoa. La pili lilitoka na matumbo mawili, pale palipokuwa na mapengo ya mikanda, mfano wa mtu mnene aliyevaa mshipi wa mtoto. Lakini lilishika. Mfanyabiashara alilizunguka, akaligusa kwa mguu, akasema, "Kumbe ni kweli," akaenda kuswali.

Pampu ya kuinulia mlango wa nyuma ilikuwa imekufa zamani, hivyo kila robota lilihitaji watu wa kuunyanyua kwa miti. Nikawaita wataalamu kutoka kwenye gogo. Walikuja kwa shingo upande. Kwa mara ya kwanza maoni yao yalipata mikono, na yalipungua sana.

Moto wa wawindaji ulifika kama kila mwaka na kukisafisha kilima mpaka kikang'aa kwa weusi. Marobota yalikuwa bandani, pembeni tumefyeka na kulima udongo. Ng'ombe walikula kiangazi chote. Mimi nilibaki, jambo lililonishangaza mwenyewe.

Siku ya kikao familia ilifika yote. Viti vya plastiki vya jirani vilikuwa vimekwenda matangani kijiji kingine, kwa hiyo shangazi aliagiza robota lisogezwe uani, akalitandikia kitenge, akamkaribisha Prezida kwa heshima zote. Alipanda juu. Miguu haikufika chini. Akafungua kikao kwa sala, akamkumbuka kaka yake, akakumbuka maumivu ya familia, kisha akafika kwenye jambo lenyewe.

"Kama munavyoona wote, hizi ngombe zimekonda."

Nyuma yake jike jekundu, lenye ubavu mpana kama mlango, lilikuwa limeingiza pua chini ya kitenge na kuvuta. Robota likalegea. Prezida akashuka kidogo upande wa kushoto. Akajiweka sawa, akaendelea. Jike likavuta tena. Wakwe wakaangalia chini. Mke wake mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza.

"Shemeji," alisema shangazi, "shuka. Unakalia chakula ya wenye nyumba."

Akashuka. Wengine waliwatazama ng'ombe, kisha wakatazama sufuria ya wali, na hakuna aliyeuliza tena njia ya Salamabila. Ng'ombe wakabaki kwa shangazi.

Baada ya siku chache Prezida alituma mtu: mbuzi wake wamekosa majani, anaomba robota moja. Shangazi akajibu aje achukue mwenyewe. Akaja. Tulimtolea lile la matumbo mawili. Njia ya kwake ni mteremko mtupu, na robota la mviringo kwenye mteremko halisukumwi, huzuiwa. Alikuwa mbele yake, mgongo umelala kwenye majani, visigino vinachimba barabara ambayo yeye ni prezida wake. Wataalamu walikuwa wamekaa kwenye gogo.

"Prezida, piga freni," alisema wa kwanza.

"Haina freni," alisema wa pili.

"Ndiyo shida yake sasa."