Mguu Alioukataa Mbula

Kwa zaidi ya miaka thelathini Mbula alitoka Gitothua asubuhi na mapema kuja Thika kuwakanda wanawake wa jamii yetu waliojifungua. Sisi Wagujarati humlaza mama siku arobaini: hapiki, hafagii, anakandwa mafuta ya ufuta yenye joto. Hata mimi Mbula alinikanda nilipomzaa Amar.

Mke wa Amar, Khushboo, alipojifungua, mambo yalikwenda vizuri mpaka siku ya kumi na mbili. Mbula alishika mguu wake wa kushoto, akauachilia papo hapo. Ulikuwa umevimba, wa moto.

"Huu sikandi, Mama Amar. Mpeleke hospitali."

"Umezeeka, unatafuta visingizio. Mguu ukivimba si ndio unakandwa?"

"Si huu. Kuna kitu imelala hapa ndani. Usiiamshe."

Nikamfukuza. Mimi nikiamua nimeamua. Nikapasha mafuta, nikaukanda mwenyewe, tena kwa nguvu. Kesho yake mchana Khushboo akashika kifua, pumzi ikamkatika, midomo ikabadilika rangi. Amar akamkimbiza hospitali.

Daktari alituonyesha picha ya mapafu. Damu huganda kuziba jeraha, alisema, na mama akijifungua huganda upesi zaidi, ili asivuje damu mpaka afe. Lakini ikiganda mguuni pasipo jeraha, bonge lake linaweza kung'oka, likapanda, likapita katikati ya moyo, likakwama kwenye mishipa ya mapafu. Hewa inaingia, ila damu ya kuipokea haifiki. Nilistaajabu mpaka nikasahau kulia. Kutoka mguuni hadi mapafuni, safari yote hiyo ndani ya mtu aliyelala kimya kitandani!

"Kuna mtu aliukanda?" daktari akauliza.

"Mimi," nikasema, na Amar akanitazama.

Walimwekea mashine ya kupumulia, wakampa dawa ya kuzuia damu kuganda. Siku ya tano akapumua bila mashine, nami nikaenda Gitothua. Njia nzima nilipanga maneno ya kuomba radhi. Mbula alifungua mlango, hakuningoja niseme.

"Anapumua?"

"Anapumua."

Akaketi pale pale kizingitini.

"Nisamehe, Mama Amar," akasema. "Siku ile nilipaswa kukataa kutoka nyumbani kwako, hata kama ungeita polisi."