Kilichokunywa Ghalani

Nilikisikia kabla sijakiona. Nilikuwa nimejilaza baada ya chakula cha mchana, joto la Mohoro limenikalia kifuani, na ukuta ulio upande wa kichwa changu ulikuwa unavuta kitu. Ulivuta polepole, kama mtu anayekunywa uji wa moto pembeni mwa bakuli, ukatulia, ukavuta tena. Nikaweka kiganja ukutani. Ukuta wenyewe ulikuwa mkavu na wa baridi.

Nikatoka ukumbini. Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, ungo wa mchele mapajani, anachambua.

"Mama, kuna nani ghalani?"

"Mpangaji wa dada yako."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Mnywaji." Akarusha chuya pembeni. "Hali, hasali, hatoki nje. Anakunywa tu tangu alipoingia."

Alisema hivyo bila kucheka, kwa sauti ile ile aliyotumia kuniuliza kama nimeshiba.

Nilikuwa nimehamia kwake kwa muda ili nimalize riwaya iliyokuwa imenigomea Dar. Mama mkubwa, dada mkubwa wa mama yangu, alikuwa mjane na aliishi peke yake katika nyumba ya marehemu babu, aliyekuwa mfanyabiashara wa mpunga. Nyumba ina kuta nene na boriti za mikoko, na nyuma yake limeunganishwa ghala ambalo bado linanuka pumba, ingawa magunia yaliondoka kabla sijazaliwa. Dada yangu ni mtaalamu wa vijidudu. Mradi alioufanyia kazi ulitaka kujua kama mtambo wao wa vijidudu unaweza kuishi nje ya maabara, kwenye joto letu na umeme wetu wa kukatikakatika, karibu na vilima vya pumba za mpunga, kwa sababu pumba hizo siku moja zingeweza kugeuzwa kuwa spiriti. Ndipo akalikumbuka ghala la babu, akahamia hapo na kazi yake.

Jioni ile alinipeleka kuliona. Kabla hatujafika mlangoni alininyang'anya simu na kuniuliza kama nina kiberiti. Ndani hapakuwa na taa kali wala vioo vingi kama nilivyotarajia. Palikuwa na tangi la chuma kisicho na kutu, lenye kimo cha mtoto wa darasa la pili, na betri za sola zikiwa zimepangwa chini. Mpira mwembamba ulitoka kwenye pipa, ukapita juu ya kipande cha mkeka wa zamani, ukaingia ubavuni mwa tangi. Tangi lilikuwa na dirisha la kioo, na nyuma ya kioo palikuwa na maji mazito, ya rangi ya ufizi. Hewa ilipanda ndani yake kwa mapovu. Ndiyo iliyokuwa ikivuta.

"Hawa ni wa kwetu," dada aliniambia. "Tuliwatoa kwenye tope la mikoko kule deltani. Jani linapooza hutoa kimvuke cha kilevi, kidogo mno, hatukisikii kwa pua. Wao wanaishi kwa hicho."

"Na sasa mnawanywesha pipa zima."

"Tumewabadilisha. Ndani ya kila kijidudu kuna maagizo ya namna ya kuishi. Tumefuta baadhi, tumeongeza mengine. Wakinywa hiyo spiriti, badala ya kunenepa wenyewe wanatoa asidi. Ni ile ile wanayoipata viwandani kutoka kwenye mafuta ya petroli, wanatengenezea plastiki na nyuzi za nguo."

"Na wakikosa spiriti?"

"Wanakufa. Sukari hawaijui tena. Njia hiyo tumeiziba."

Alisema kwa upole, akafuta unyevu kwenye kioo kwa upindo wa mtandio wake. Kila asubuhi aliongeza kilevi kidogo. Wasiokiweza walikufa, waliokiweza walizaa, na watoto wao wakaweza zaidi. Mbegu ya kwanza ilikuwa kwenye friza Dar, lakini hawa waliozoea makali walikuwa mle ndani tu, hapakuwa na wengine duniani. Zilibaki wiki chache wafikie kiwango alichokuwa ameahidi. Kibali cha kuwasafirisha wakiwa hai kilikuwa hakijatoka. Tangi likisimama kabla ya hapo, miaka yake yote ya kazi ingesimama nalo.

"Usiniangalie hivyo," akaniambia. "We unaumba watu hewani, hakuna anayekuuliza."

"Wangu hawasikiki kupitia ukutani."

Akacheka, akanisukuma nje.

Mapipa yaliletwa na dereva wa lori la Kanta kutoka Kibiti, mtu wa maneno mengi.

"Dada mtaalamu, roho mbaya hii! Pipa zima, hata kikombe cha kunionjesha hakuna?"

"Ukionja kikombe utapofuka," dada akamjibu. "Ukiwa unashangaa kwa nini giza limeingia mchana, utakuwa unakufa."

"Sasa hayo yote anakunywa nani?"

Dada akaelekeza kidevu ghalani. Dereva akatega sikio. Nilimwona akihesabu vuta na tulia za mle ndani, midomo ikitikisika, halafu akaacha kuhesabu. Tangu siku hiyo alishusha pipa getini na kulisukuma kwa mguu, sisi tukamalizia.

Nilichelewa kugundua kwamba mama mkubwa alikuwa akilisalimia lile tangi. Kila asubuhi alipokwenda uani kuchota maji alipita mbele ya mlango wa ghala na kusema, "Umeamkaje?" Hakusubiri jibu. Siku moja nilimuuliza anamsalimia nani.

"Anayepumua ndani ya nyumba yangu nisimsalimie? Nimelelewa wapi mimi?"

Nilitaka kuandika sura yangu ya nane na badala yake nilikaa kitandani nikisikiliza. Nilianza kupumua nacho. Kikivuta, navuta. Kikitulia, nami natulia, na wakati mwingine utulivu ule ulirefuka hadi nikaona vimulimuli machoni, kabla hakijavuta tena na kuniruhusu. Uani, nguo zangu zilizokauka zilikuwa na harufu ndogo tamu, ya kitu kilichoiva na kupitiliza.

Mama mkubwa alikuwa na desturi ya kufukiza nyumba kila Alhamisi baada ya alasiri. Alijaza chetezo makaa mekundu, akanyunyiza ubani, akaingia chumba hadi chumba akizungusha moshi kwenye pembe, nyuma ya milango, chini ya vitanda. Dada alikuwa amemwomba kwa mikono miwili asiingie na moto ghalani, na mama mkubwa alikuwa ameahidi. Kwa miezi aliitunza ahadi hiyo. Lakini ilimkera, na Alhamisi moja aliniambia ilivyomkera. Kila Alhamisi alipeleka manukato kwenye vyumba vitupu visivyolala mtu, halafu akaupita mlango wa yule mmoja aliyekuwa hai. Kwake hilo lilikuwa sawa na kupitisha sinia la kahawa barazani na kumruka mgeni.

Alhamisi hiyo dada alikuwa amekwenda Kibiti. Nilisikia "Hodi" ikipigwa uani. Nikasikia hodi ya pili, na ya tatu. Kisha mlango wa ghala ukalia.

"Mwanangu," mama mkubwa aliita. Hakupiga kelele. "Njoo unitazamie. Macho yangu yana nini?"

Nilimkuta amesimama ndani kidogo ya kizingiti, chetezo mkononi, jua la alasiri limeingia nyuma yake hadi kwenye tangi. Alikuwa anatazama chini. Kiungo cha mpira kilikuwa kimelegea, na spiriti ilikuwa imedondoka kwenye mkeka muda gani sijui. Kaa moja lilikuwa limeanguka. Sikuona moto. Hapakuwa na mwali, hapakuwa na moshi. Mkeka ulikuwa unaondoka tu. Ukingo wake ulijikunja, ukawa mweusi, ukawa majivu, na weusi ule ukatambaa kuja kwetu kama kivuli cha kitu ambacho hakikuwepo, na juu yake hewa ilicheza. Upindo wa kanga ya mama mkubwa ukaanza nao kuliwa.

Nilimvuta nje, nikammwagia ndoo aliyokuwa ameichota, nikarudi na nyingine, na nyingine, nikimwaga maji juu ya kitu nisichokiona hadi mkeka ukanyamaza. Nilifunga bomba la pipa kama nilivyomwona dada akifunga. Nyuma ya kioo wale wekundu waliendelea kuvuta.

Dada alirudi kabla ya magharibi. Alitazama mkeka, akatazama kanga iliyoanikwa, akakaa chini kwenye sakafu ya ukumbi.

"Ni moto wa spiriti, mama. Mchana hauonekani. Hakuna cha ajabu."

"Nimekwambia ni ajabu? Najua ni moto. Nimekaa na moto maisha yangu yote." Mama mkubwa alikuwa anajipaka mafuta kwenye kifundo cha mguu, ngozi imebabuka kidogo. "Ila moto wangu unanionyesha uso. Huu wako unakula umejificha. Nimempelekea ubani kwa heshima, amenivua nguo. Aondoke."

"Wiki chache tu. Nenda kule Chumbi kwa kaka yetu ukapumzike, ukirudi—"

"Mimi ndiye niende?"

Mama mkubwa akafunika kopo la mafuta.

"Nilichukuliwa kutoka nyumba hii nikiwa bibi harusi, nikarudi nimevaa nguo za eda. Hapa ndipo ninapongojea kuoshwa. Unanitoa, nimpishe mlevi?"

Dada akainuka akaenda ghalani, na kupitia ukutani nilimsikia akisogeza kiti, akikaa. Mle ndani walikuwa wawili, mmoja akivuta na mwingine kimya.

Asubuhi macho yake yalikuwa yamevimba. "Siwezi kumtoa mama kwake," aliniambia, akavaa glavu. Alifungua dumu la klorini. Sheria ilikuwa moja: walichokibadilisha hakitoki kikiwa hai bila kibali. Akamimina. Wekundu ukafifia kuanzia juu, ukawa wa waridi, ukawa wa maziwa. Akasubiri sana, akakoroga, akasubiri tena. Mwisho akazima pampu. Masikio yangu yaliuma. Nilijikuta nimeshika shingo yangu, nimesahau kwamba naweza kupumua bila kusubiri.

Mama mkubwa alikuwa amekuja hadi kizingitini na hatukumsikia.

"Mbona amenyamaza? Umefanya nini?"

"Nimewaua, mama. Hawaruhusiwi kutoka wakiwa hai."

Uso wa mama mkubwa ulibadilika polepole. "Nilisema aondoke," alisema. "Nilisema aondoke, we mtoto. Nimekwambia saa ngapi umfishe ndani ya nyumba yangu?"

"Ni vijidudu tu."

"Kwa nini basi unalia?"

Akaingia ndani akarudi na shuka jeupe, akalitandaza juu ya tangi hadi kioo kikafunikwa. Dada hakumzuia. Gari la mradi lilipofika, vijana walilibeba tangi likiwa limefunikwa vile vile, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Dada alikuja ukumbini na begi lake. Dar wangempa kazi nyingine au wasingempa, hakujua. Alipiga goti akashika mkono wa mama mkubwa.

"Naaga, mama. Unisamehe."

"Nimekusamehe." Mama mkubwa alimwacha aushike mkono ule, akitazama juu ya kichwa chake, kuelekea ghalani. "Lakini usilale hapa tena. Mpaka nizoee ukimya huu."

Akamsindikiza hadi mlangoni, asivuke. Dada aliteremka ngazi za baraza, jua limempiga usoni, na mama mkubwa akausukuma mlango nyuma yake kwa mikono yote miwili, akateremsha komeo.