Mshahara Usiokatwa Kodi

Kazi niliyopewa Nairobi ilikuwa ya ulinzi kama hii yangu, ila kule kodi ingemega mshahara. Hapa Dubai haukatwi kitu. Mke wangu aliniomba nirudi, nami nikamfokea kwa simu kutoka chumba tunamobanana wanaume sita mtaani Al Qusais: kwani nyumba anayolala imejengwa kwa pesa gani? Kazi nikaikataa.

Likizo ilipofika nikaenda kuiona nyumba yenyewe, mara ya kwanza tangu iishe. Binti yetu alinipokea mlangoni kwa adabu, kama alivyofunzwa kupokea watu. Akavuta sanduku langu hadi chumba cha wageni, akanionyesha swichi ya maji moto.

“Karibu,” akasema, “usione haya ukitaka kitu.”

Mamake alikuwa amesimama nyuma yetu. Hakumkosoa.