Zuena Alivyozihamisha Barua Zake

Zuena aliolewa na kaka yangu Fikirini akitokea Mohoro, na alipoachika hakurudi Mohoro. Hilo ndilo watu wa kwetu hawakumsamehe. Mwanamke akipewa talaka anatazamiwa akae eda, afunge virago, arudi kwa baba yake kwenye mpunga, watu wapate kumsahau. Yeye eda aliikalia kwa shangazi yake hapa hapa Kibiti, na ilipokwisha akakodi fremu ya duka kwenye njia ya Mchukwi, si mbali na steshenari ya Fikirini. Akaandika mlangoni kwa rangi nyeusi kwamba anachapa, anatoa fotokopi na kutuma barua pepe. Mama alipopita akasomewa yale maandishi, akatema mate.

"Shamba limekataa kuzaa," akasema, "sasa anapanda waya."

Alisema kwa sauti ili mwenyewe asikie. Zuena alisikia, akaendelea kupangusa meza.

Mimi nilipaswa kuwa upande wa nyumba yetu. Lakini siku niliposhikwa na uchungu wa kumzaa Rukaya, mama alikuwa msibani Dimani, na Zuena ndiye aliyenishika mkono garini mpaka hospitali ya Mchukwi. Kwa hiyo mchana kazi za nyumbani zikipungua nilikuwa namfunga mtoto mgongoni nakwenda kukaa kwenye benchi lake. Nimeishia darasa la saba, sikuwa na la kumsaidia. Nilikuwa natazama tu.

Ile steshenari ya kaka inaitwa ya Fikirini kwa sababu jina lake ndilo liko juu ya mlango. Lakini aliyekuwa anachapa humo ni Zuena, na walimu wa shule za huko Dimani na Mohoro mitihani ya kuchapisha walikuwa wanaituma kwenye imeili ya Zuena, aliyoifungua yeye, kwa paswedi aliyoijua yeye. Mtihani wa muhula huu mara nyingi ni ule wa zamani uliobadilishwa maswali mawili matatu. Mwalimu anapiga simu, anasema, "Bi Zuena, utafute ule wa mwaka juzi, umo humo." Humo ndimo kazi yake yote ilimokuwa. Ukimpa Zuena kompyuta bila zile barua, umempa meza.

Laptopu alitumiwa na kaka yake, Shaabani, kutoka Dar. Siku anaiwasha nilikuwepo. Akaandika anwani, akaandika paswedi, akabonyeza. Haikufunguka. Ikasema haimtambui kwenye kompyuta hii, na kwamba imetuma tarakimu kwenye simu, azisome aziandike hapo. Ikaonyesha mwisho wa namba ya simu.

Zuena akaegemea kiti. "Hiyo ni ya kaka yako."

"Kwa nini uliweka ya kwake?"

"Alikuwa mume wangu, wifi. Wewe ungeweka ya nani?"

Tukaenda, laptopu ikiwa kwenye kikapu. Kaka alikuwa amesimama kaunta na wateja wawili. Mke wake mpya, Mwanabaraka, alikuwa kwenye kiti alichokuwa anakaa Zuena. Mama alikuwa ngazini, miguu ameinyoosha.

Zuena akatoa salamu. Aliyeitikia ni Mwanabaraka peke yake, kwa sauti ya chini.

"Mteja au mgeni?" kaka akauliza.

"Kuna tarakimu zitaingia kwenye simu yako. Nisomee, niondoke."

"Tarakimu zangu?"

"Za kwangu. Zinapitia kwako."

"Kila kitu chako kilipitia kwangu," akasema, na wale wateja wakacheka.

Zuena akaweka laptopu juu ya kaunta. Kaka akashika simu, akaanza kusoma taratibu, kama mwalimu anayetoa imla. Zuena akaandika. Mashine ikakataa. Akarudia kusoma, nyingine kabisa. Ikakataa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake, na nikaona kioo cha simu yake ni cheusi. Alikuwa anasoma giza. Nilitaka kusema, lakini mama alikuwa ananitazama. Mara ya tatu mashine ikafunga, ikamwambia Zuena ajaribu tena kesho.

"Pole," kaka akasema. "Labda nayo imekupa talaka."

Mama alicheka mpaka akakohoa.

Njiani Zuena alitangulia. Alikwenda kwa hatua za mtu aliyeacha chungu motoni. Tulipofika karibu na mwavuli wa wakala wa simu akasimama ghafla, karibu nimgonge.

"Wifi, ile laini yake ilisajiliwa kwa kidole cha nani?"

Sikumwelewa. Akanieleza palepale juani. Wakati ule wa kusajili laini kwa alama za vidole, kaka hakuwa na kitambulisho cha taifa, na mpaka leo hana, kila mara anasema atakifuatilia. Laini ilikuwa inakaribia kufungwa. Zuena ndiye aliyekwenda na kitambulisho chake, akaweka kidole chake. Hakuna aliyekumbuka tena. Nani anakumbuka kidole?

Dada wa mwavulini akachukua namba, akamwekea kidole kwenye kimashine.

"Laini imepotea?"

"Iko mbali na mimi," Zuena akasema.

Kidole kikakubali. Akapewa chipu mpya yenye namba ileile, ya kwenye simu ya kaka ikafa, akaitia kwenye kiswaswadu, kisimu chake cha vitufe. Jioni nilimsikia kaka nyumbani analaumu mtandao. Anaizima simu, anaiwasha, anaipeleka dirishani. Nilikuwa namwogesha Rukaya, nikainamisha kichwa.

Kesho yake asubuhi tarakimu zikaingia kwa Zuena. Akaziandika, imeili ikafunguka. Jambo la kwanza alilofanya ni kuiondoa ile namba na kuweka yake mwenyewe. Kisha akaanza kushuka chini kutafuta barua zake, na nikaona mkono unapunguza mwendo. Kulikuwa na barua chache za siku za karibuni, basi. Za nyuma hazikuwepo.

Halafu akanifafanulia, nusu akijifafanulia mwenyewe. Kule kwenye kompyuta ya zamani kaka alikuwa ameweka programu ya kusomea barua, ili wasiwe wanamaliza bando kila wakitaka kusoma. Kila barua ikifika, programu inaivuta ndani ya kompyuta na huko ilikotoka inaifuta. Barua zote za miaka yote hazikuwa hewani kama alivyodhani. Zilikuwa ndani ya boksi la kompyuta, chini ya meza, miguuni pa Mwanabaraka.

"Nimehamisha nyumba," akasema, "vyombo vimebaki."

Kaka alikuja kabla ya adhuhuri, mama nyuma yake. Alikuwa ametoka kwa wakala, ameambiwa laini si yake.

"Laini yangu."

"Weka kidole tuone," Zuena akasema.

"Mwizi wewe."

"Na mwenye barua zangu nimwiteje?"

"Ziko kwenye kompyuta niliyonunua mimi."

"Na laini niliisajili mimi."

Mama akanigeukia. "Na wewe umekaa hapo na mjukuu wangu. Kumbe nilikuwa nanyonyesha nini?"

Rukaya alianza kulia kwa zile sauti, nikampa ziwa, nikamfunika uso kwa kanga asiwaone.

"Nikirudi nazifuta," kaka akasema. "Zote. Ukae hapa na laptopu yako ya sadaka."

"Futa. Na mimi nitakuwa napokea simu zako."

Kiswaswadu kikalia mezani. Zuena akakichukua bila haraka. "Haloo. Hapana, Fikirini hayupo kwenye namba hii. Kadi za harusi? Ngapi? Njoo njia ya Mchukwi, utaona mlango umeandikwa." Akakata. Kaka alikuwa amekunja ngumi, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Simu ikalia tena. Zuena akanyoosha mkono.

"Acha," kaka akasema.

Baada ya swala alirudi na bajaji, boksi na kioo chake vimefungwa kwa shuka. Hakusalimia. Akaviweka mezani, akaunga waya mwenyewe, akasimama mlangoni. Zuena akamwambia kilichomleta ni shida yake mwenyewe, akitaka kukaa benchi lipo. Hakukaa. Zuena akachomeka flashi, akalitafuta lile faili lenye barua, akaanza kulinakili. Mstari wa kijani ukawa unatambaa.

Sijawahi kuona watu wawili wakichukiana kwa utulivu namna ile. Walikuwa wanatazama mstari mmoja, hawatazamani. Zuena alikuwa anapumua puani. Kaka alikuwa anakwaruza rangi ya mlango kwa ukucha, rangi aliyopaka mwenzake kwa mkono wake, inadondoka chini, na Zuena anaiona.

Mstari ulikuwa umepita nusu umeme ulipokatika. Boksi likanyamaza.

"Umeuzima," kaka akasema.

"Nimeuzima Kibiti nzima?"

"Kwa uchawi wa kwenu Mohoro hushindwi."

"Ningekuwa nao ningeanzia kwako, usingekuwa umesimama."

Kaka akanitazama mimi, kama ninayeweza kuamua. Nikatazama mtoto. Tukangoja umeme, na ulipokuja Zuena akaanza upya toka mwanzo, kwa kuwa kile kipande kilichokwisha kupita kilikuwa hakifunguki. Mteja akaja kutaka fotokopi, akawaona walivyo, akasema atarudi.

Mstari ulipofika mwisho, Zuena akalihamishia faili kwenye laptopu. Akafungua barua ya kwanza, akafungua ya katikati, akafungua ya mwisho. Akatafuta mtihani wa Mwalimu Hemedy wa Mohoro, ukatoka na michoro yake. Ndipo akafungua kiswaswadu, akatoa chipu, akaiweka mezani. Hakumpa mkononi.

Kaka akaichukua. "Na jina?"

"Jina gani?"

"La usajili. Utalihamisha lini?"

"Ukipata kitambulisho tutakwenda."

"Na siku ukiamka vibaya ukaichukua tena?"

Zuena alikuwa ameshageukia laptopu, anabadilisha tarehe kwenye karatasi ya Mwalimu Hemedy. Alimjibu akiwa anaandika. "Basi usiniamshe vibaya."

Kaka akatoka nje kumwita dereva amsaidie mzigo. Dereva alikuwa ameshachoka kungoja, ameondoka. Akarudi, akalikumbatia boksi kifuani, nyaya zinaburuta, akajaribu kukitia kioo kwapani, mikono haikutosha.

"Kioo nitakirudia."

"Kikae nje ya mlango," Zuena akasema. Akainuka, akakibeba mwenyewe, akakitua juu ya mchanga, akarudi kuchapa.